Gari Kongwe la Kila Siku Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa kwenye foleni ya feri ya Likoni, gerejini na hata nje ya msikiti baada ya swala, kila mtu anapoiona Peugeot 504 yangu ikifanya kazi za kawaida za kupeleka watoto shule na kubeba mizigo ya sokoni. Nimeyapanga kuanzia mambo ya msingi hadi hali zisizo za kawaida. Vipimo vilivyotajwa ni vya magari yaliyotajwa pamoja navyo; kwa gari jingine lolote, kitabu cha gari hilo ndicho cha kufuatwa.

## Mambo ya mwanzo

Gari kongwe ni lipi hasa?

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, huhesabu gari kuwa la kihistoria likifikisha angalau miaka 30. Kwa mtu anayetaka kuliendesha kila siku, mpaka ulio na maana zaidi ni wa kiufundi: gari lenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), lenye pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke) ndani ya distributa (kifaa kinachogawia plagi cheche), na lisilo na kompyuta yoyote. Gari la namna hiyo hutengenezwa kwa spana, bisibisi na kipimo cha nafasi, yaani vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Majibu yote yaliyo hapa yanahusu gari hilo.

Je, kweli linaweza kutumika kila siku katika joto la Mombasa?

Linaweza, kwa sababu ndiyo kazi liliyoundiwa. Peugeot 404 na 504 za bodi ndefu zilibeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi kwa miaka mingi, wakati ambapo barabara ile haikuwa kama ilivyo leo. Kilichobadilika ni mazoea yetu sisi madereva. Gari la kisasa humvumilia mwenye kulisahau kwa miezi, ilhali gari kongwe linataka kuangaliwa kila wiki. Asiyeweza kutenga nusu saa kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, ni heri asilitegemee gari la aina hii kumfikisha kazini.

Kinyume na wengi wanavyodhani, kuliendesha kila siku hulisaidia. Gari linalosimama hukausha sili zake, pointi zake hupata ukungu, petroli huchacha ndani ya kabureta, na vipistoni vya breki hushikwa na kutu katika unyevu wetu huu. Nimeona magari yaliyofunikwa kwa heshima kubwa huko Nyali yakiwa na hali mbaya kuliko teksi kuukuu ya Kongowea.

Ninunue gari gani?

Chagua kwa kuangalia spea na mafundi kwanza, na sura baadaye. Volkswagen Beetle iliendelea kutengenezwa Mexico hadi Julai 2003, na kwa hiyo spea zake bado zinazalishwa upya na si lazima uzitafute kwenye mabaki ya magari yaliyokufa. Peugeot 504, iliyoanza Ufaransa mwaka 1968, iliunganishwa hapa Kenya kwa miaka mingi, na mafundi wanaoijua kwa kuipapasa tu bado wapo Changamwe na bara yote. Datsun 1200 na Toyota Corolla za miaka ya 1970 ni nyepesi na zina injini rahisi sana. Mercedes-Benz W123 ya dizeli, iliyotengenezwa kati ya 1976 na 1986, haina plagi za cheche wala pointi, na hivyo nusu ya matatizo ya umeme yanayoelezwa hapa chini hayaihusu. Land Rover za Series ni imara, lakini zina breki nzito na kiu ya petroli, nami singempa mtu ushauri wa kuitumia katika msongamano wa Digo Road kila asubuhi.

Usitarajie kuagiza gari la namna hii kama watu wanavyoagiza magari yaliyotumika kutoka Japani, kwa maana Kenya hairuhusu magari yaliyotumika yenye zaidi ya miaka 8. Tafuta yaliyomo nchini, na ukiweza, nunua lililoishi bara. Gari la Nakuru au Nyeri lenye rangi iliyofifia lina thamani kuliko la Bamburi linalong'aa, kwa sababu zinazoelezwa katika sehemu ya chumvi na kutu.

Nikague nini kabla ya kulipa?

Injini hufufuliwa, bodi iliyooza humaliza mali. Chukua sumaku ndogo uliyoifunga kwa kitambaa na uipitishe kwenye kingo zilizo chini ya milango, pembe za chini za mabawa na sakafu. Pale isiposhika kuna puti badala ya bati. Kwenye Beetle inua kiti cha nyuma uangalie sakafu iliyo chini ya betri, kisha gonga mifereji ya chuma inayopita chini ya milango, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoshikilia bodi. Kwenye Land Rover usidanganywe na bodi ya aluminiamu isiyooza, bali lala chini uangalie chesi, hasa boriti ya nyuma, pamoja na ukuta wa chuma ulio mbele ya miguu ya dereva. Kwenye 504 fungua boneti uangalie pale ambapo shokamzoba za mbele zinafungwa juu.

Halafu linganisha namba ya injini na ya chesi na zile zilizo kwenye hati ya umiliki. Magari haya mara nyingi yamebadilishwa injini bila kuandikishwa, na kero hiyo huwa ya mnunuzi (tazama swali la mwisho kabisa).

Nimelinunua. Nianzie wapi?

Anza na breki, kisha mipira ya petroli, kisha ubaridi wa injini, kisha umeme. Rangi na viti vije mwisho. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nimeona vijana wakimaliza akiba yao yote kwa rangi na rimu zinazong'aa, halafu gari likawaka moto kwa mpira wa petroli wa bei ya chai na mahamri.

## Huduma za kawaida

Nifanye nini kila wiki, na nini kila baada ya kilomita kadhaa?

Kila Jumamosi, injini ikiwa baridi, angalia oili kwa kijiti, maji ya rejeta, mafuta ya breki, maji ya betri, upepo wa matairi na mvutano wa mkanda wa feni. Tazama pia sakafu pale gari lilipolala. Tone jipya ni habari ambayo gari linakupa mapema.

Oili ya injini nyingi za umri huu ibadilishwe kila kilomita 5,000. Beetle ina oili lita 2.5 tu, haina filta ya karatasi bali chujio la waya peke yake, na oili hiyohiyo ndiyo inayosaidia kuipoza. Kuichelewesha ni kuichoma injini. Wakati huohuo rekebisha nafasi za valvu, yaani mwanya mdogo unaoachwa kati ya valvu na mkono unaoisukuma. Kwenye Beetle za 1300 hadi 1600 ni milimita 0.15, na injini lazima iwe baridi kabisa, yaani imelala usiku kucha. Angalia pointi, safisha plagi, na utie grisi kwenye kila nipeli (chuchu ya kutilia grisi) ya mbele. Nipeli ndizo zinazosahaulika kuliko vyote, kwa kuwa mafundi vijana wamezoea magari yasiyo nazo.

Oili gani inafaa?

Kwa joto letu, 20W-50 ya kawaida inafaa injini nyingi za miaka ya 1960 na 1970. Oili nyepesi sana za magari mapya hupita kwenye sili za zamani na kushusha presha injini inapopata moto kwenye foleni. Kwa giaboksi kuwa mwangalifu zaidi: oili ya daraja la GL-5 ina dawa zinazoweza kula shaba iliyo ndani ya giaboksi nyingi za kale, kwa hiyo tumia GL-4 isipokuwa kitabu kimesema vingine.

## Joto na ubaridi wa injini

Gari linachemka kwenye foleni ya feri, lakini barabarani ni salama. Tatizo ni nini?

Tatizo liko kwenye upepo. Gari likitembea, mwendo wenyewe hupitisha hewa kwenye rejeta, na likisimama kazi yote inabaki kwa feni. Angalia kwanza mkanda, kisha kifuniko kinachoelekeza hewa ya feni, ambacho mara nyingi kimetolewa na fundi na hakikurudishwa. Peugeot 404 na 504 zina feni inayoshikwa kwa sumaku ya umeme maji yanapopata moto, na kipande cha kaboni kinachopeleka umeme kwenye sumaku hiyo kikiisha, feni huzunguka kivivu bila kushika. Watu wamebadilisha rejeta nzima kwa sababu ya kipande hicho kidogo.

Ikiwa gari linachemka hata barabarani, shuku rejeta iliyoziba, muda wa moto uliochelewa (cheche zinazotoka kwa kuchelewa), au gasketi ya kichwa iliyoungua.

Je, nitoe themostati kama fundi anavyonishauri?

Usiitoe. Themostati ni valvu inayofunguka maji yakipata moto ili yapite kwenye rejeta. Ushauri huu umeenea pwani yote na una madhara. Injini isiyo na themostati hufanya kazi ikiwa baridi mno asubuhi, ikatumia petroli nyingi na kuchakaa kwa haraka. Kwenye injini ambazo themostati hufunga pia njia ya mkato, kuitoa huruhusu maji ya moto kuzunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari huchemka zaidi. Itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka: ikifunguka, irudishe, isipofunguka, nunua nyingine.

Naweza kutia maji ya kisima?

Hapana, na jambo hili ni kubwa kwetu kuliko kwa watu wa bara. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji ya visima vyetu vingi ni magumu na yana chumvi. Yakichemka ndani ya injini huacha ukoko uleule wa chokaa unaouona chini ya birika, ambao huziba mirija ya rejeta, na chumvi yake hula kichwa cha aluminiamu. Tumia maji yaliyosafishwa ya betri, au maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, ukichanganya na kizuia kutu cha rejeta kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Badilisha mchanganyiko huo kila baada ya miaka 2.

Beetle haina rejeta. Je, haipati joto?

Hupata, ila haikuonyeshi mvuke. Hewa ndiyo inayoipoza, na hewa hiyo inategemea mabati yote yanayozunguka injini pamoja na mpira unaoziba pengo kati ya injini na bodi. Mpira huo ukikosekana, feni hunyonya hewa ya moto inayotoka chini ya injini yenyewe. Silinda ya tatu ndiyo inayoumia kwanza katika injini za zamani, kwa sababu kipoza oili kimekaa kwenye njia ya hewa yake.

Taa nyekundu ya dainamo (kifaa kinachochaji betri) ikiwaka ukiwa njiani, simama hapo hapo. Mkanda unaozungusha dainamo ndio unaozungusha feni, na ukikatika injini haina ubaridi wowote.

## Petroli na kabureta

Kuna hatari gani ya moto?

Kubwa, na inazuilika. Mipira ya petroli, hasa ile iliyovikwa uzi kwa nje, hukauka na kupasuka kwa joto la injini, na uzi huficha ufa usiuone. Mwaka mmoja, karibu na Mariakani, nilisikia harufu ya petroli nikasema nitaangalia nikifika. Nilipofungua boneti mpira ulikuwa ukitoa jasho la petroli juu ya bomba la ekzosi. Tangu siku ile hubadilisha mipira yote kila baada ya miaka 2, iwe mizima au la, na kila ncha huikaza kwa kibanio. Filta ya plastiki isining'inie juu ya injini. Iweke mbali, karibu na tangi. Beba kizimamoto cha unga mahali ambapo mkono wa dereva unafika, si chini ya mizigo kwenye buti.

Petroli isiyo na risasi inaharibu injini ya zamani?

Kenya iliacha petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006. Risasi ilikuwa ikilinda vikalio vya valvu za ekzosi, yaani pale valvu zinapokaa zikijifunga. Injini zenye kichwa cha chuma cha kawaida, ambamo valvu hukaa juu ya chuma chenyewe, zinaweza kulika polepole zikikimbizwa kwa muda mrefu, ilhali vichwa vya aluminiamu tayari vina pete za chuma kigumu zilizopachikwa. Dalili ni nafasi ya valvu ya ekzosi kupungua kila unapopima. Kama haipungui, endelea na safari zako. Kama inapungua, siku ya kufungua kichwa mwambie fundi wa mashine apachike pete ngumu. Chupa za dawa ya kuchanganya na petroli si za lazima kwa mwendo wa mjini.

Gari huzima likiwa moto, kisha huwaka baada ya dakika 20. Ni kabureta?

Huenda ni petroli na huenda ni umeme, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure, kwa sababu dalili ni ileile.

Petroli ikipata joto kupita kiasi huwa mvuke ndani ya paipu, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Hutokea zaidi unaposimama baada ya mwendo, kwa mfano ukizima kwenye feri na kuwasha ng'ambo. Lakini koili (inayokuza umeme wa cheche) na kondensa (kifaa kidogo kinacholinda pointi) vilivyochoka navyo huacha kufanya kazi vikipata moto, na hupona vikipoa. Njia ya kutofautisha ni kupima wakati gari limezima, kabla halijapoa. Toa waya wa plagi moja, chomeka plagi ya akiba, iguse kwenye chuma cha injini, na mtu azungushe starta. Hakikisha tu hakuna petroli inayovuja. Cheche ya buluu yenye nguvu ikionekana, umeme ni mzima na tafuta upande wa petroli. Cheche ikiwa ya njano na dhaifu, au isipoonekana, badilisha kondensa kwanza kwa kuwa ni ya bei ndogo, kisha koili.

Ikiwa ni mvuke, kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu kitakuvusha siku hiyo. Dawa ya kudumu ni kusogeza paipu mbali na ekzosi, kuifunika kwa kinga ya joto, na kuhakikisha mabati ya kukinga joto ya kiwandani yamerudishwa.

## Umeme

Niache pointi au niweke mfumo wa kielektroniki?

Pointi zilizopimwa vizuri, mwanya wa milimita 0.4 kwa Beetle, hufanya kazi bila lawama, ila hutaka kuangaliwa. Kwa gari la kila siku naunga mkono mfumo wa kielektroniki unaokaa ndani ya distributa ileile, kwa sharti moja: pointi na kondensa zako za zamani, zikiwa nzima na zimepimwa, zikae kwenye buti. Mfumo wa kielektroniki ukifa hauna onyo wala tiba ya kando ya barabara, na pointi hurudishwa kwa dakika chache.

Betri yangu haidumu. Kwa nini?

Joto huua betri haraka kuliko baridi, kwa hiyo betri ya Mombasa huishi miaka michache kuliko iliyo Limuru. Ongeza maji yaliyosafishwa kila mwezi kama ni ya kufunguliwa. Pima kwa mita: betri ya volti 12 iliyojaa ikiwa imepumzika husoma karibu 12.6, na injini ikizunguka kwa kasi inapaswa kusoma kati ya 13.8 na 14.4.

Gari lenye dainamo halichaji likiwa linanguruma polepole. Saa nzima ya msongamano wa usiku huko Buxton, taa zikiwaka na mvua ikipigwa waipa, humaliza betri nzima. Kubadilisha dainamo kwa alteneta, ambayo huchaji hata injini ikinguruma polepole, ni marekebisho ninayoyapendekeza bila wasiwasi. Beetle za kabla ya mwaka wa modeli 1967 nyingi ni za volti 6, na hizo huhitaji kubadilishwa mfumo wote pamoja na taa na starta.

Taa ni hafifu na indiketa zinawaka zinavyotaka. Niweke waya mpya?

Kwanza safisha arthi, yaani mahali waya zinapofungwa kwenye bodi ili umeme urudi kwenye betri. Hewa ya bahari huweka ukungu wa kijani kwenye kila ncha ya waya, na umeme usiporudi kwenye betri vizuri hutafuta njia ya kando, ndipo ukikanyaga breki indiketa inapepesa. Fungua kila boliti ya arthi, isugue kwa msasa hadi chuma king'ae, paka vaselini, uifunge tena. Kisha weka relei za taa kubwa, ili umeme wa taa usipite kwenye swichi ya miaka 50. Magari kadhaa ya Uingereza yalitoka kiwandani na fyuzi 2 tu kwa gari zima, ongeza.

Naweza kuweka kiyoyozi?

Inawezekana kwenye injini yenye alteneta na ubaridi wa akiba. Kwa injini ndogo ya lita 1.2 nashauri kioo kishushwe.

## Breki na matairi

Kwa nini unasema mafuta ya breki yabadilishwe kila mwaka?

Kwa sababu hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu imejaa unyevu. Mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 4 huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, na yakishanyonya maji kiwango hicho cha chini hushuka hadi 155. Zaidi ya hayo, maji hayo hutia kutu masta silinda na silinda za magurudumu kutoka ndani. Bara wengi hubadilisha kila miaka 2. Hapa mwaka mmoja. Mipira ya breki nayo huvimba kwa ndani ikionekana mizima kwa nje, na dalili yake ni gurudumu linaloendelea kushika baada ya kuachia pedali.

Magari mengi ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana mzunguko mmoja wa breki, yaani tundu moja huondoa breki zote. Kwenye gari hilo hendibreki ndiyo breki yako ya pili, na lazima iweze kulishikilia gari kwenye mteremko wa feri likiwa na abiria.

Matairi yana kashata (meno) nzuri. Niyabadilishe?

Soma tarakimu 4 za mwisho za alama ya DOT ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka. Jua letu huchoma mpira, na gari la matembezi mafupi huzeesha tairi kabla halijaisha. Likifikisha miaka 6 nalianza kulitilia shaka, na likiwa na nyufa ubavuni naliondoa.

## Chumvi na kutu

Nawezaje kulilinda gari na hewa ya bahari?

Kwa kuliosha chini, mahali pasipoonekana. Chumvi hunyonya unyevu na kuukumbatisha kwenye bati usiku na mchana, hata siku isiyo na mvua. Wakati wa kusi, upepo unapovuma kutoka baharini na kulisha ukungu wa chumvi Nyali, Bamburi na Mama Ngina, osha matumbo ya gari kwa maji baridi kila wiki, ukielekeza mpira wa maji ndani ya mabawa na juu ya ekseli. Safisha matundu madogo yaliyo chini ya milango kwa waya, kwa sababu yakiziba mlango huwa tangi la maji.

Ndani ya boriti na kingo pulizia nta ya kuzuia kutu kila mwaka, katika kaskazi ambapo bati limekauka. Oili chafu ya injini, ambayo wazee wengi hupaka, huzuia kutu kwa muda, lakini huozesha bushi na mipira ya breki na huchafua ardhi. Mvua za masika zikikaribia, toa mazulia yote ya sakafu uyaanike. Kutu nyingi huanza chini ya zulia lililolowa.

Usilifunike kwa turubai la plastiki, kwa kuwa huzuia unyevu usitoke. Banda la makuti lenye hewa ni bora.

Fundi anataka kuchomea bati jipya juu ya lililooza. Nikubali?

Usikubali. Kutu iliyofunikwa huendelea kula kutoka ndani, na baada ya masika mbili utakata yote mawili. Bati bovu likatwe hadi chuma kizima ndipo kiraka kichomewe, kisha kipakwe rangi ya kinga pande zote. Kwenye Land Rover, kila mahali aluminiamu inapogusa chuma weka kizuizi cha rangi au mpira, kwa maana metali mbili zikigusana penye chumvi, aluminiamu huliwa.

## Mafundi na spea

Nitampataje fundi anayefaa?

Mwulize arekebishe nafasi za valvu, na umtazame. Akianza injini ikiwa moto kwenye gari linalotaka baridi, au bila kipimo mkononi, mshukuru na uondoke. Mafundi wazuri wengi ni wazee, nami nakusihi uende na kijana mwenye hamu ya kujifunza kila unapopeleka gari. Mzee akistaafu, ujuzi huo usipoachiwa mtu, magari haya yatakufa yakiwa mazima.

Nibebe spea gani kwenye buti?

Mkanda wa feni, pointi, kondensa, plagi moja, kifuniko cha distributa na rota, mita moja ya mpira wa petroli na vibanio, fyuzi, waya, lita moja ya oili, lita 5 za maji safi, na spana zinazoingia boliti za gari lako. Magari ya zamani ya Uingereza hutumia vipimo vya inchi, na spana za milimita huviringisha vichwa vya boliti.

## Hali za pekee

Maji ya mafuriko yameingia. Nifanye nini?

Kama injini imezima ndani ya maji, usiizungushe. Toa plagi zote, angalia filta ya hewa. Ikiwa imelowa, zungusha kwa starta plagi zikiwa nje ili maji yatoke. Ikiwa ni distributa tu iliyolowa, ifungue na uikaushe kwa kitambaa. Ekseli zikizama, angalia oili ya difu na giaboksi siku hiyohiyo: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage. Na ikiwa maji hayo yalikuwa ya bahari, kama yanavyoruka kwenye njia ya kupandia feri wakati bamvua limejaa, osha ngoma za breki pia.

Naweza kulipeleka Nairobi?

Ndiyo, ikiwa breki na ubaridi vimethibitika. Safari ni karibu kilomita 480, nawe unapanda kutoka usawa wa bahari hadi takriban mita 1,700. Hewa huwa nyepesi huko juu, hivyo kabureta iliyopimwa Mombasa hutoa petroli nyingi kuliko hewa, nguvu hupungua, na moshi unaweza kuwa mweusi kidogo. Kwa ziara ya siku chache usiguse jeti, yaani vitundu vya kabureta vinavyopimia petroli. Rekebisha tu mnguruma wa polepole. Kumbuka pia kwamba maji yasiyo na presha huchemka huko kwa nyuzi 94 hivi, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kisichoshika presha kitakuumbua kwenye vilima vya baada ya Sultan Hamud. Ondoka kabla ya alfajiri, na ukifika Voi fungua boneti uangalie, hata kama kila kitu kinaonekana sawa.

Gari limesimama miaka mingi. Naweza kuliwasha?

Si siku ya kwanza. Mwaga petroli yote na usafishe tangi, badilisha oili, tia oili kijiko kimoja kila silinda kupitia tundu la plagi, uiache hadi kesho yake, kisha izungushe kwa mkono. Ikizunguka bila kukwama, iwashe kwa petroli mpya kutoka kwenye chupa, si tangini. Halipaswi kuingia barabarani kabla mfumo mzima wa breki haujafunguliwa.

Fundi ananishauri niweke injini ya kisasa ya Toyota. Nifanyeje?

Inafanyika sana, nami sioni aibu ndani yake pale ambapo injini ya asili haipatikani tena. Pima mambo matatu kabla ya kukubali: kama breki zinaweza kusimamisha nguvu mpya, kama rejeta inatosha, na kama uzito wa mbele hautabadilisha usukani. Ihifadhi injini ya zamani ikiwa imepakwa oili. Baada ya kazi, peleka taarifa ya mabadiliko kwa NTSA, mamlaka ya usalama na uchukuzi inayosajili magari nchini, ili namba mpya ya injini iingie kwenye hati ya umiliki, na mwarifu anayekupa bima kwa maandishi kabla gari halijarudi barabarani.